Kubadilisha Kizibo cha Bloku Kilicholiwa na Kutu Katika Pikapu Kuukuu

Kwa majuma matatu pikapu yangu, Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1991, ilidai lita moja ya maji kila asubuhi, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya maji, ambayo baadaye ilibainika haikuwa na hatia yoyote. Wa pili alilala chini ya gari kwa dakika kumi na tochi yake, akaniita nione mstari mwembamba wa rangi ya kutu ulioshuka kwenye ubavu wa bloku, nyuma ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, mahali ambapo maji yalikuwa yakikaushwa na joto kabla ya kufika ardhini. Kilichovuja kilikuwa kizibo cha bloku, kile ambacho mafundi hukiita koplagi: kisahani cha chuma chenye upana wa vidole viwili, cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nimebadilisha vizibo katika magari matatu, na nimeona kwamba kukitoa cha zamani na kukigonga kipya ni kazi ya dakika chache. Kinachokula siku nzima ni kukifikia na kusafisha tundu lake, na humo ndimo watu wengi hukimbilia kumaliza na kuharibu.

Inafaa kwanza kujua kizibo hiki kinafanya nini. Bloku ya injini humiminwa kiwandani kwa chuma kilichoyeyushwa, na ili njia za maji zipatikane kuzunguka silinda, viini vya mchanga uliogandamizwa huwekwa ndani ya kalibu. Chuma kikishapoa, mchanga huo huvunjwa na kutolewa kupitia matundu yaliyoachwa ubavuni, na matundu hayo ndiyo yanayozibwa kwa visahani hivi. Wapo wanaosimulia kwamba viliwekwa ili vichomoke maji yanapoganda na hivyo kuiokoa bloku isipasuke. Katika nchi za baridi kali vizibo huchomoka kweli wakati mwingine, ingawa bloku nazo hupasuka, na kwa vyovyote Nairobi haina barafu ya kuvichomoa. Kinachovimaliza hapa ni kutu. Ukuta wa bloku ni mnene, lakini kizibo ni bati tu, na nyuma yake, hasa vile vya chini na vya nyuma, tope la kutu hutuama mwaka baada ya mwaka. Gari likijazwa maji matupu ya bomba, au mabaya zaidi maji ya kisima kirefu yenye madini mengi, hakuna dawa ndani yake ya kuzuia kutu. Kizibo huliwa kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo siku unayoona doa kwa nje, ndani pamebaki unene wa karatasi.

Mwenyeji wa Nairobi ana sababu ya ziada ya kutopuuza uvujaji mdogo. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,700, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 94 za Selsiasi, si 100. Thamostati nyingi, yaani vali inayoyafungulia maji ya moto njia ya kwenda kwenye rejeta, hufunguka kwenye nyuzi 82 au 88. Kinachoyazuia maji yasichemke katika nafasi hiyo finyu ni presha inayotunzwa na kifuniko cha rejeta, na mfumo unaovuja hauwezi kutunza presha. Ndiyo maana gari linaloonekana zima katika foleni ya Barabara ya Mombasa huanza kutoa mvuke likipanda kuelekea Limuru likiwa na mzigo wa viazi.

Kuthibitisha kwamba ni kizibo

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mkosaji. Injini ikiwa baridi, kagua mipira yote ya maji na vibano vyake, tundu dogo la kutolea maji lililo chini ya pampu, maungio ya rejeta, na mahali silinda hedi inapokutana na bloku. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, tatizo ni kubwa zaidi na mwongozo huu hautakusaidia. Halafu fuata ubavu wa bloku kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Vizibo vya ubavuni huwa vimepangwa kwa mstari, na aghalabu kuna vingine upande wa nyuma wa bloku vinavyotazamana na flaiwili (gurudumu zito lililo kati ya injini na giaboksi), na pengine kwenye hedi pia. Alama ya uvujaji ni mchirizi wa kutu, au chumvi ya rangi ya kijani au nyeupe iliyoganda pembezoni.

Gereji nyingi zina pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta ili kupandisha presha bila kuwasha injini. Ukiweza kuiazima, ipampu hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko chenyewe, ambacho kwa pikapu nyingi za Japani ni takriban baa 0.9, na usikizidishe. Tone litajitokeza lenyewe. Wengine huchokoa kizibo kwa ncha ya bisibisi kuona kama kinabonyea. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini kifanye ukiwa nyumbani, kwa kuwa kizibo kilichochoka kitatoboka na gari halitatembea tena siku hiyo.

Vifaa na vipuri

Kwa ufunguzi utahitaji spana na soketi za kawaida, jeki na stendi mbili imara, beseni pana, na mafuta ya kulegezea nati zilizoshika kutu. Kwa kizibo chenyewe utahitaji nyundo ya uzito wa kati, tindo butu au kipande cha nondo chenye ncha bapa, koleo lenye meno marefu, sumaku, brashi ya waya, msasa laini, vitambaa safi, na soketi au kipande cha chuma cha mviringo kinachoingia ndani ya kikombe cha kizibo kwa kukaribia kukijaza. Usipokuwa na soketi ya ukubwa huo, fundi yeyote wa kukereza vyuma kule Kariobangi atakutengenezea kipande kwa muda mfupi, na kitakufaa maisha yako yote.

Kuhusu kizibo, nakushauri uende Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ukiwa na namba ya injini na, ikiwezekana, kipimo cha tundu. Ukitaja plagi peke yake utapewa plagi ya kuwashia mafuta, kwa hiyo sema wazi kwamba ni ya bloku. Pima tundu kwa kalipa ya vernia, wala usipime kizibo cha zamani, maana kilibanwa wakati wa kuingizwa na huenda kimeliwa pembeni. Kizibo kipya ni lazima kizidi tundu kwa kiasi kidogo sana, sehemu ndogo ya milimita, na kubanwa huko ndiko kunakokishika. Kikiingia kwa kusukumwa na kidole si chako. Pana aina mbili kuu: cha kikombe, chenye ukuta unaosimama pembeni, na cha kisahani kilichobinuka kidogo kama mgongo wa kijiko. Nunua aina ileile iliyokuwamo, kwa kuwa tundu la kila aina huchongwa kwa namna yake.

Vipo vya chuma cha kawaida, vya shaba nyeupe na vya chuma kisichoshika kutu. Mimi huchagua shaba nyeupe kila ninapoipata. Bei yake huzidi kidogo tu, haishiki kutu, na kwa kuwa ni laini hujishikiza vizuri kwenye tundu lenye mikwaruzo midogo. Na usinunue kimoja. Vyote viliingizwa kiwandani siku moja na vimekunywa maji yaleyale, kwa hiyo kimoja kikitoboka vingine viko njiani. Angalau badilisha vyote utakavyokuwa umevifunulia njia.

Kuna pia vizibo vya mpira vinavyotanuka unapokaza bolti ya katikati. Ni vya kukufikisha nyumbani kutoka safarini. Karibu na ekzosi mpira huo hauna maisha. Kuhusu gundi ya epoksi, kipande cha sabuni na unga wa kuzibia unaomiminwa kwenye rejeta, nitasema tu kwamba unga hauchagui tundu la kuziba, na njia nyembamba za rejeta huwa za kwanza kufungwa.

Kuandaa gari

Acha injini ipoe kabisa, tuseme usiku kucha. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kwa sababu yoyote ile. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu, weka mawe au magogo kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, na uchomoe waya wa hasi wa betri, hasa kama starta itatolewa. Usiku huohuo wa kungoja, nyunyizia mafuta ya kulegezea kwenye nati za manifoldi. Nati iliyokaa miaka thelathini kwenye moto wa ekzosi haifunguki kwa hasira. Ikikataa, irudishe kidogo upande wa kukaza, kisha ifungue, nenda mbele na nyuma hadi ikubali. Bolti ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya saa nne inageuka kuwa ya siku mbili.

Weka beseni chini na ufungue koki ya rejeta. Watu wengi huishia hapo, wakasahau kwamba bloku nayo ina koki au bolti yake ya kutolea maji, na kwamba bila kuifungua, lita kadhaa za maji machafu zitawamwagikia usoni kizibo kitakapotoka. Koki hiyo ikifunguliwa na kusitoke kitu, usidhani bloku ni tupu. Imezibwa na tope, na waya mwembamba utaizibua. Kama ndani mlikuwa na kulanti, yaani kipoozi chenye dawa ya kuzuia kutu, usiiache wazi wala kuimwaga mtaroni: nyingi ina ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa kwa hiari yake.

Sasa toa kinachokuzuia: manifoldi, kinga ya joto, starta, pengine altaneta au mkono wa kiti cha injini. Ukitoa kiti cha injini, itegemeze injini kwanza kwa jeki na kipande cha mbao chini ya karta ya oili. Kizibo kinachovuja kikiwa nyuma, kati ya bloku na flaiwili, ni lazima giaboksi na klachi vishuke, na hapo ningempelekea fundi mwenye shimo la kukagulia magari badala ya kujilaza chini ya giaboksi iliyoning'inizwa kwa kamba.

Kutoa kizibo cha zamani

Elekeza tindo kwenye sakafu ya kikombe, karibu na ukingo mmoja, chini au kushoto, na ugonge kwa mapigo mafupi. Unachotaka ni kukifanya kizibo kizunguke ndani ya tundu lake kama sarafu inayogeuzwa upande, ukingo mmoja ukiingia na wa pili ukitoka nje. Kikishasimama wima, ushike ukingo uliotoka kwa koleo, egemeza koleo kwenye ubavu wa bloku juu ya kipande cha mbao, na ukivute kwa kukibembea. Usigonge kwa nguvu upande mmoja kama anayetoboa ukuta. Nyuma ya kizibo, kwa umbali mdogo tu, kuna ukuta wa silinda. Isitoshe, kizibo kilichotumbukia chote ndani hugeuka kuwa kero ya kukivua kwa sumaku na waya. Kile cha shaba hakishikwi na sumaku, kumbuka hilo.

Kizibo kilichooza sana hakitazunguka, kitatoboka na kuvunjika vipande. Katika hali hiyo toboa tundu dogo katikati kwa drili, ukiwa umefunga utepe kwenye ncha yake ili isiingie zaidi ya milimita chache, pindisha skrubu nene humo, na uivute skrubu kwa koleo. Njia hii pia ndiyo inayofaa kwa kizibo cha kisahani. Vipande vyote vilivyovunjika vitolewe. Hesabu kwa kuvipanga juu ya gazeti mpaka duara likamilike, kwani kipande kilichobaki kinaweza kusafiri hadi mahali penye njia nyembamba na kuizuia.

Kilicho nyuma yake huwashangaza wengi. Katika Hilux yangu nilichota kwa kijiko tope jekundu lililojaza nusu ya tundu, zito kama ugali wa wimbi. Lichokoe lote kwa waya na kijiko, halafu ingiza mpira wa maji kupitia tundu la juu, ukiacha ya chini wazi, na usukume mpaka maji yatoke safi. Kwa mtaa ambao maji huja mara mbili kwa juma, weka mitungi mitano ya lita 20 kabla ya kuanza. Maji ya kusukumia tope si lazima yawe safi mno, almradi yale ya mwisho yawe safi.

Kusafisha tundu

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Mdomo wa tundu hukusanya kutu, chumvi na mabaki ya gundi ya kiwandani, na kizibo kipya kikigongwa juu ya uchafu huo kitapita majaribio ya jioni na kuanza kuvuja baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa. Piga brashi ya waya hadi chuma kitupu kionekane, kisha msasa laini kwa mkono, ukizungusha kufuata duara. Mkwaruzo unaokwenda kutoka nje kuingia ndani ni mfereji wa maji, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Usitumie mashine ya kusagia, kwa kuwa sehemu ndogo ya milimita unayoitegemea inaweza kuondoka kwa sekunde moja.

Pitisha ukucha ndani ya duara. Vishimo vidogo visivyokwama ukucha vitajazwa na gundi. Ukipata shimo refu lililokatiza upana wote wa ukingo, kutafuta kizibo cha saizi iliyoongezwa, na pengine kumwita mtu wa kutanua tundu kwa kipimo, ni nafuu kuliko kurudia kazi. Mwisho futa kwa kitambaa chenye thina kidogo, uache pakauke. Ukingo wenye grisi haushiki gundi.

Kuingiza kizibo kipya

Paka utando mwembamba wa gundi ya kuzibia, ile isiyodhurika na kulanti wala joto, kuzunguka ukuta wa nje wa kizibo. Silikoni ikizidi, inayosukumwa ndani hukatika na kuelea hadi kwenye thamostati. Kizibo cha kikombe huwekwa mdomo wake ukikutazama wewe. Kisimamishe sawasawa kwenye tundu, weka soketi ndani ya kikombe iguse sakafu karibu na ukuta, na ugonge kwa mapigo mepesi yanayofuatana, ukitazama kila mara kama kinaingia sawa pande zote. Soketi ndogo inayogonga katikati tu huibonyeza sakafu na kuvuta kuta ndani, kikalegea. Soketi pana inayogonga mdomo huharibu ukingo unaoziba. Kikianza kuinama upande mmoja, gonga upande uliobaki nje, na kikikwama kwa mshazari, kitoe na utumie kingine; kilichokwishapinda hakirudi umbo lake.

Simama mdomo wa kikombe unapozama kidogo tu, kama milimita moja, ndani ya sehemu iliyochongwa mshazari kwenye mlango wa tundu. Kubaki nje ni hatari ya kuchomoka, na kuzamisha mno ni kukaribia silinda na kubana njia ya maji. Cha kisahani ni tofauti: huwekwa mgongo uliobinuka ukikutazama, kikakaa kwenye kikalio chake, na pigo moja au mawili ya katikati hukilaza kidogo kikatanuka pembeni. Kisilale kabisa, wala kisibonyee kwenda ndani.

Iache gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake. Fundi wangu aliniambia dakika kumi zinatosha. Pakiti ilisema saa 24, nami niliifuata pakiti.

Kurudisha maji na kupima

Funga ulivyofungua, ukitumia gasketi mpya ya manifoldi, kwani ya zamani haibani tena vizuri. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, au ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, ambayo haiongezwi maji. Hatuna barafu ya kuogopa, ila tunahitaji dawa yake ya kuzuia kutu na uwezo wake wa kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, lakini soma chupa vizuri: karibu yake hukaa chupa ya asidi ya betri inayofanana nayo sana. Maji ya kuchemsha jikoni hayafai badala yake, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu na kuyaacha madini yote palepale.

Inua pua ya gari kidogo, fungua hita hadi mwisho kama ipo, na uwashe injini polepole kifuniko kikiwa wazi. Viputo vya hewa vitatoka, kina kitashuka ghafla thamostati ikifunguka, nawe utaongeza hadi kitulie. Funga kifuniko, na kikiwa na mpira uliopasuka kinunuliwe kingine. Rudia kipimo cha presha kama una pampu. Kisha endesha kwa nusu saa karibu na nyumbani, rudi, na umulike kila kizibo kwa tochi. Kwa siku tatu zinazofuata kagua kina asubuhi, injini ikiwa baridi, na ukague tena baada ya mlima mkali wa kwanza, kwa sababu kizibo kilichoingia vibaya hujionyesha presha inapopanda na chuma kinapotanuka.

Kulanti nyingi za kawaida hubadilishwa baada ya miaka miwili hivi, dawa yake ya kutu ikiwa imechoka hata kama rangi bado inapendeza. Nimeandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha utepe, nikakibandika kando ya kifuniko cha rejeta, ili yeyote atakayefungua boneti akiwa na mtungi wa maji ya bomba mkononi akione kwanza.